Kwa nini sikai kwako ikapita Jumatano

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unauliza, tena naona umekereka, kwa nini kila nikija kwako, ikifika Jumanne naanza kufunga begi. "Mama, ibada ni Jumapili. Siku nyingine zote mnafanya nini huko kanisani?" Nimeona nikuandikie, kwa sababu kwenye simu huwa unanicheka kabla sijamaliza.

Nianze na hiyo Jumatano. Asubuhi tuna Ushirika Mtakatifu, ibada fupi isiyo na kwaya wala mahubiri. Sisi Waanglikana tunaoshika Kitabu cha Sala cha mwaka 1662 tuna sharti ambalo hata wewe uliyepata kipaimara nadhani umelisahau: kasisi haadhimishi peke yake. Hata parokia ikiwa ndogo vipi, ni lazima wapatikane waumini wanne, au wakipungua sana watatu, wa kushiriki pamoja naye.

Sasa kuna Jumatano moja mvua iliamkia kunyesha. Nikajifunika shuka, nikasema leo Mungu ataelewa. Kumbe walifika wawili tu. Meza ilikuwa imeshatandikwa, mishumaa inawaka. Kasisi akasoma Waraka na Injili, akaomba, na alipofika karibu na pale pa kuweka wakfu mkate na divai akaishia hapo. Akawapa baraka, wakaenda zao. Mmoja wao ni yule mzee anayetembelea fimbo, na alikuja kwenye mvua ileile. Jumapili alinisalimu vizuri tu, hakutaja kitu. Heri angenisema.

Mengine ya wiki ni kazi za mikono na za mdomo. Kengele inalia asubuhi na jioni, kwa Sala ya Asubuhi na Sala ya Jioni. Mara nyingi tuko watatu au wanne, siku nyingine kasisi na mtunza kengele basi. Zaburi zote 150 zimegawanywa kwa tarehe, asubuhi na jioni, ili ziishe kwa mwezi mmoja. Huchagui. Jioni ya tarehe 15 ni Zaburi ya 78, aya zaidi ya sabini, na magoti yangu unayajua (nashukuru zaburi husomwa kwa kusimama, si kwa kupiga magoti, lakini afadhali yake ni ndogo).

Uliwahi kuniambia kwamba kusoma maneno yaliyopangwa ni ukasuku. Wewe ulifunga ndoa tarehe 17. Asubuhi ile, kabla sijaja kukuvalisha, nilipita kanisani, na zaburi ya asubuhi hiyo ni pamoja na ya 88, ile inayoanza kwa kilio na kuishia gizani. Nilichukia kuisoma siku ya harusi ya mwanangu. Kisha nikamwona mama mmoja benchi la nyuma, amemzika mtoto wake wiki ileile. Aliisoma kwa sauti kuliko sisi wote. Zamu yake ilikuwa siku hiyo, mimi nilikuwa wa kumwitikia tu.

Ijumaa ni Litania, ile sala ndefu ya maombi ambayo kasisi anaomba na sisi tunaitikia. Alhamisi kwaya wanafanya mazoezi, na sauti ya tatu bado wanaimba watakavyo. Baraza la parokia linakutana mara moja kwa mwezi, kikao cha nusu saa kinachochukua saa tatu kwa sababu ya paa.

Jumamosi ndiyo siku yangu. Wenzangu wanafagia na kupanga maua, mimi nina vitambaa vya madhabahu. Vile vya kufutia kikombe haviendi kwenye beseni la nguo za nyumbani. Navisuuza kwanza peke yake, na maji yale ya kwanza siyamwagi kwenye mfereji, nayamwaga kwenye udongo safi, mahali pasipokanyagwa, kwa kuwa yamegusa divai iliyobarikiwa. Ndipo nafua, na kupiga pasi vikiwa bado na unyevunyevu. Kile kikubwa kinachotandikwa chini ya kikombe nakikunja sehemu tatu kwa urefu na sehemu tatu kwa upana, kikifunguliwa mikunjo inaacha miraba tisa. Upande usiofaa ukiwa juu, kasisi atajua, na mimi nitajua hata asiposema. Halafu naangalia rangi: tukiwa kwenye zile Jumapili nyingi baada ya sikukuu ya Utatu ni kijani, wiki hadi wiki, hadi Majilio, yale majuma ya kungojea Krismasi, yalete zambarau.

Kwa hiyo nimefanya hivi. Nimezungumza na jirani yangu wa benchi, ambaye Jumatano zake alikuwa haji, na amekubali kusimama nafasi yangu wiki mbili. Vitambaa nimemfundisha mkwe wake. Mikunjo yake bado inapinda lakini maji anayamwaga panapotakiwa. Nitafika Alhamisi ya kwanza ya mwezi ujao, na begi nitalifunga Jumanne ya pili yake, si ya kwanza. Niwekee taa karibu na kitanda, nasoma zaburi kabla hakujapambazuka.

Mama yako