Bunduki: neno lililokatwa mkia Ziwani

Mhariri, wiki hii mmetuuliza ni jina gani la silaha katika Kiswahili lililosafiri mbali zaidi, na maana yake ilibadilika vipi njiani. Najua wengi watataja bastola au bomu. Mimi nasema bunduki, tena nalitetea nikiwa hapa Mwanza, kwa sababu safari ya neno hili haikukomea Pwani.

Mwanzo wake ni chakula. Wagiriki wa kale waliiita Bahari Nyeusi Pontos, na kokwa moja ndogo ya mviringo, yenye ganda gumu, wakaiita ya Pontos kwa kuwa ilitoka huko. Jina hilo likaingia katika Kiarabu likawa bunduq. Waturuki huiita kokwa hiyo fındık, na hadi leo sehemu kubwa ya kokwa hizo duniani hutoka Uturuki, kwenye pwani ile ile.

Kisha umbo likavuta maana. Waarabu wakaita bunduq pia vile vigololi vya udongo vilivyorushwa kwa upinde maalumu wa kuwindia ndege. Khalifa al-Nasir wa Baghdad, aliyetawala kuanzia 1180 hadi 1225, aliupenda mchezo huo kiasi cha kuuwekea taratibu zake. Ilipokuja silaha ya baruti, nayo ikirusha kitu cha mviringo, jina lilikuwa tayari linaisubiri. Wahindi wakasema banduk, sisi bunduki.

Wapo wanaoshikilia kwamba neno hili limetokana na mji wa Venice, kwa kuwa Waarabu huuita al-Bunduqiyya. Nimeisikia hadithi hiyo mara nyingi, na siikubali hata kidogo. Watu wa Baghdad walikuwa wakiwinda kwa bunduq kabla bunduki yoyote haijafika kwao. Mji ule una jina la watu wake wa kale, Waveneti. Kufanana na kokwa ni kwa sauti tu.

Sasa njoo Ziwani, yaani Ziwa Victoria. Speke, mpelelezi Mwingereza, alipolifikia Ziwa upande wetu huu, Agosti 1858, msafara wake ulikuwa na bunduki, na misafara ya pembe za ndovu ilizidi kuzieneza bara. Kitu kilikuja na jina lake, lakini jina halikubaki zima. Nenda mwalo wa Kirumba asubuhi, dagaa wakishushwa, usikilize watu wa Ziwa zima wanavyozungumza. Mjaluo wa Rorya atakwambia bunde. Mganda atasema emmundu, Mnyankole embundu, na ukivuka Kagera ukaingia Rwanda utasikia imbunda. Kwa masikio yangu hilo ni neno moja, ila ile -ki ya mwisho imeachwa njiani. Hata hiyo m ya Waganda ina sababu yake: katika Kiganda, n ikikutana na b, na mbele kidogo kukawa na sauti nyingine ya puani kama nd, ile b humezwa ikawa m. Kwa hiyo bundu ikawa mmundu, kwa kanuni ya lugha yenyewe, bila mtu kukaa chini kuamua. Hapo ndipo neno hili linaponifurahisha kuliko yote. Kokwa ya Bahari Nyeusi imefika Ziwani, na kila kabila limeimenya kwa mkono wake.

Risasi nayo ina kisa, kifupi zaidi. Kwa Kiarabu mwanzo lilikuwa jina la madini, yale mazito ya kijivu, na mvuvi anayefunga vipande vya risasi chini ya wavu wake ili uzame analitumia neno kwa maana yake ya kwanza.

Mzinga nimeuacha makusudi. Ni neno letu wenyewe: gogo lililotobolewa likatundikwa mtini ili nyuki waingie, kisha jina likahamia kwenye silaha yenye tundu kubwa namna ile. Siku hizi vijana "wakimpiga mtu mzinga" wanamwomba hela. Limebadilika sana, ila halikutoka nyumbani, na ninyi mmeuliza juu ya safari.

Ombi langu ni kwa wasomaji wa Ukerewe, Bukoba na Musoma: tuandikieni wazee wenu waliitaje bunduki, hasa walioijua enzi za magobore. Nataka kuona ile -ki iliachwa wapi hasa.