Magunia kumi, walaji tisa: mahindi yatafika mavuno yajayo?

SWALI: Ndugu mtaalamu, mimi ni mama wa watoto saba. Wa kwanza ana miaka 17 na wa mwisho ana miezi minane, bado ananyonya. Naishi nao wilayani Kongwa pamoja na mama mkwe wangu. Mume wangu anafanya kazi mbali na huja mwisho wa mwezi. Mwaka huu nimevuna magunia kumi ya kilo mia, ambayo tumeyapukuchua wiki iliyopita, katikati ya Julai, na kuyaweka kwenye mifuko ya salfeti katika chumba wanacholala wavulana. Mwaka jana nilikuwa na kiasi hicho hicho, lakini kufikia Februari nilikuwa nanunua unga wa kupima dukani, maana mahindi mengine yalibunguliwa na mengine yaliota ukungu. Je, safari hii yatatosha hadi Mei? Niweke dawa gani? Na mahindi yaliyoota ukungu, yakioshwa na kuanikwa, yanafaa kuliwa kama anavyosema mama mkwe? Shuleni nadaiwa debe moja kwa kila mtoto wa shule ya msingi, nao ni watatu. Nyumbani tunakula sembe.

JIBU: Mama, maswali yako ni matatu, lakini naomba nianze na lile ambalo hukuuliza, kwa sababu majibu ya hayo mengine yote yanalitegemea: mahindi hayo yamekauka kiasi gani? Kiwango kinachokubalika kwa mahindi ya kuhifadhi katika Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Juu ya hapo kuvu huanza kupata uhai, na fukusi, wale wadudu wanaobungua mahindi, nao huzaliana vizuri zaidi. Wengi hupima kwa kung'ata punje na kusikiliza mlio wake, na mkulima mzoefu hakosei sana kwa njia hiyo, ila meno hayawezi kutofautisha asilimia 13 na 15, na tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoamua hali ya gunia lako mwezi wa Desemba.

Kipimo cha nyumbani ni chumvi. Tafuta chupa ya kioo yenye mdomo mpana na mfuniko, kama ya jemu, ambayo imekauka kabisa. Chota mahindi kutoka katikati ya gunia na si juu tu. Kama jirani yako ni mfanyabiashara, mwazime bambo lake, kile chuma chenye ncha cha kuchomea gunia na kutolea punje. Jaza chupa hadi theluthi moja, ongeza vijiko vitatu vinne vya chumvi ya unga iliyoanikwa juani, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha iache itulie kwa dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umepita asilimia 15 na mahindi hayo hayana budi kurudi juani. Chumvi ikiteremka yote chini ikiwa kavu, uko chini ya kiwango hicho, lakini bado ningekushauri uongeze siku moja ya jua. Pima kila gunia peke yake, kwa kuwa yaliyovunwa kutoka bondeni na yaliyovunwa kutoka kilimani hayakauki sawa.

Unapoanika, tandika turubai. Kuvu hao wanaishi kwenye udongo, kwa hiyo kuanika juu ya ardhi tupu ni kuwakaribisha. Tabaka lisizidi unene wa vidole viwili, ligeuzwe mara kwa mara, na lifunikwe kabla umande haujaanza kushuka. Ikiwa mlipukuchua kwa kupiga gunia kwa fimbo, kama wengi wanavyofanya, pepeta na uondoe punje zilizovunjika kabla ya kuhifadhi, kwa sababu kwenye punje iliyopasuka ndipo kuvu na wadudu wanapoanzia.

Sasa hesabu. Una kilo 1,000, ikiwa magunia yako yana kilo mia kweli; gunia lililojazwa kwa debe sita za kusawazisha hukaribia hapo, na ukiweza kulipima moja kwenye mizani utakuwa na uhakika. Debe moja la mahindi lina kilo 17 hadi 18, hivyo sehemu ya shule ni kama kilo 53. Itenge leo, kwa sababu deni la shule likisubiri mwezi wa Januari hutolewa kwenye gunia lililokwisha kupungua. Zinabaki kilo 947. Kutoka katikati ya Julai hadi mwisho wa Mei kuna siku 321, na ukigawanya unapata kilo tatu pungufu kidogo za mahindi kwa siku.

Hapa ndipo sembe inapokuletea matatizo. Mahindi yanapokobolewa, karibu robo ya uzito huondoka kama pumba. Tuseme nyumba yako inatumia kilo tatu za unga kwa siku, pamoja na uji wa asubuhi, jambo ambalo ni la kawaida kwa watu tisa wa umri wa wanao. Ili upate kilo tatu za sembe unahitaji kilo nne za mahindi, na kwa mwendo huo kilo 947 zinakwisha mwanzoni mwa Machi, hata kama hakuna fukusi aliyegusa punje moja. Ukiondoa hapo yaliyobunguliwa na yaliyoota ukungu, umeipata Februari yako ya mwaka jana. Kwa maneno mengine, wadudu wamelaumiwa kupita kiasi. Kinu nacho kilikula sehemu yake.

Kwa dona, yaani unga wa mahindi yasiyokobolewa, kilo hizo hizo zinafika Mei, ila bila akiba yoyote ya wageni, msiba au baba anapokuja. Ndiyo maana nakushauri, kwa wiki moja, upime kila unga unaoingia jikoni kwa chombo kimoja kisichobadilika, ukihesabu na Jumamosi na Jumapili watoto wanaposhinda nyumbani, ili ugawanye kwa saba upate kiasi chako halisi badala ya makadirio yangu. Ukiona umepita kilo tatu, nunua gunia moja la mtama sasa, wakati bei ya nafaka iko chini, na si Februari. Kongwa ni nchi ya mtama na uwele tangu zamani, na watoto wanaolalamikia rangi ya ugali huzoea baada ya siku chache; nimeliona hilo katika nyumba nyingi, pamoja na ya kwangu.

Lakini siwezi kukuambia ule dona kabla ya kuzungumzia ukungu. Baadhi ya kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga hutengeneza sumukuvu, sumu inayoharibu ini na ambayo kwa matumizi ya muda mrefu husababisha saratani ya ini. Mwaka 2016 ilizuka katika mikoa ya Dodoma na Manyara, yaani huko huko kwenu na kwa majirani zenu, na katika wagonjwa 68 walioorodheshwa walifariki 20. Kenya ilikuwa imepatwa na balaa kubwa zaidi mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui, ambako wagonjwa walikuwa 317 na waliofariki 125. Katika visa vyote viwili chanzo kilikuwa mahindi ya nyumbani.

Kwa heshima zote kwa mama mkwe, kuosha huondoa ukungu unaoonekana na hakuondoi sumu iliyokwisha kuingia ndani ya punje. Kupika pia hakutoshi, kwa kuwa sumukuvu inastahimili joto la sufuria, iwe ni ugali au makande. Isitoshe, punje inaweza kuwa na sumu bila kuonyesha ukungu wowote. Kinachosaidia ni kuchambua: punje zilizobadilika rangi, zilizosinyaa, zilizobunguliwa na zilizovunjika ndizo hubeba sehemu kubwa ya sumu, na kuziondoa moja moja kwenye ungo kunapunguza hatari kuliko dawa yoyote ninayoijua. Kukoboa nako hupunguza, kwa sababu sumu nyingi hukaa kwenye ganda na kiini. Basi utaratibu wangu ni huu: gunia lililofaulu kipimo cha chumvi na lililochambuliwa vizuri lisagwe dona, gunia lenye mashaka kidogo lichambuliwe mara mbili na kukobolewa, na lililoota ukungu wa wazi lizikwe. Najua kuzika chakula katika nyumba yenye watoto saba ni jambo gumu kulitamka, lakini usiliuze wala usiwape kuku, na pumba za mahindi yenye mashaka usimpe ng'ombe anayekamuliwa, maana sumu hiyo hutokea kwenye maziwa. Sumukuvu yenyewe iligunduliwa kwa njia hiyo ya mifugo: mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga.

Kuhusu dawa, kwanza ile usiyopaswa kuitumia kabisa. Vidonge vya kufukiza ghala, ambavyo huuzwa kimoja kimoja sokoni na watu wasiovielewa, hutoa gesi vikikutana na unyevu wa hewa, na gesi hiyo inaua binadamu kama inavyoua fukusi. Havistahili kuingia katika nyumba wanamolala watu, achilia mbali chumba cha wavulana wako. Dawa ya vumbi ya kuchanganya na nafaka inaruhusiwa, ilimradi inunuliwe katika duka la pembejeo lenye kibali, ikiwa imefungwa, na kiasi na siku za kusubiri kabla ya kula vifuatwe kama lebo inavyoelekeza. Chagua inayomuua na dumuzi, yule ambaye wengine humwita skania, aliyetoka Amerika ya Kati na kuonekana nchini kwa mara ya kwanza Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970. Dawa zilizokuwa zikimuua fukusi peke yake hazimtishi. Majivu yanahitajika mengi mno kuliko watu wanavyodhani, na kwa dumuzi sina imani nayo.

Kama fedha inaruhusu, mimi ningechukua mifuko isiyopitisha hewa, yenye mifuko miwili ya nailoni ndani na salfeti nje. Ndani yake wadudu humaliza hewa na kufa, na hakuna dawa inayoingia kwenye chakula. Jaza huku ukishindilia ili hewa itoke, sokota mdomo wa mfuko wa kwanza, ukunje na kuufunga kwa kamba, ndipo ufanye vivyo hivyo kwa wa pili na kwa salfeti. Mfuko uliotobolewa na panya haufanyi kazi tena. Nawe una nafuu moja ambayo familia ndogo hazina: gunia lililofunguliwa kwako linakwisha kwa muda wa mwezi mmoja hivi, na fukusi huhitaji takribani wiki tano kutoka yai hadi mdudu kamili. Gunia linaloliwa halihitaji mfuko wa gharama, kwa hiyo nunua mifuko minane kwa yale yatakayoliwa kuanzia Septemba, na hayo mawili ya mwanzo yabaki kwenye salfeti. Fungua moja, limalize, ndipo ufungue lingine. Yaandike namba kwa mkaa ili yasichanganyike.

Chumba cha wavulana hakifai pia kwa sababu ya unyevu wa pumzi na wa sakafu. Kama hakuna chumba kingine, tengeneza kichanja cha miti, kirefu cha kutosha kupitisha mkono chini yake, na magunia yasiegemee ukuta.

Limebaki la kitinda mimba wako. Mtoto wa miezi minane ana uzito mdogo, hivyo sumu kidogo kwake ni nyingi, na sehemu ya unayoila wewe humfikia kupitia maziwa yako. Hata hivyo endelea kumnyonyesha. Uji wake usitengenezwe kwa unga wa lishe uliochanganywa nafaka nyingi pamoja na karanga za kubahatisha, kwani mahindi na karanga ndivyo vyakula viwili vinavyoongoza kwa sumukuvu. Tumia ulezi, ambao kwa kawaida hushambuliwa kidogo, uusage kwa kiasi cha wiki mbili, na uongeze maziwa au yai. Mtoto yeyote, au mtu mzima, akigeuka rangi ya manjano machoni, akatapika na tumbo likavimba, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, na ubebe mahindi na unga mliokuwa mkila ili vipimwe.