Nani Alimsaidia? Ninavyompima Mzuiaji Katika Mechi za Agosti

Juzi nimetoka zamu ya usiku ghalani, nikakuta ujumbe wa kijana mmoja aliyeko Des Moines: "Shikamoo kaka. Naangalia mechi za maandalizi za NFL, lakini wale watano wa mbele siwaelewi. Mpira hawashiki, takwimu hawana. Wewe unajuaje nani mzuri?"

Marahaba, mdogo wangu. Umegusa mahali panaponiuma, kwa hiyo nivumilie. Kwa wageni: NFL ni ligi ya futiboli ya Marekani, na wale watano ndio wazuiaji: senta katikati, gadi mmoja kila upande wake, kisha mzuiaji wa pembeni kila upande. Kazi yao ni kumlinda kwotabeki, yule mrusha mpira.

Miaka michache iliyopita niliandika makala ndefu kumsifu gadi wa kulia wa timu moja, kijana ambaye hakuna aliyemchagua kwenye drafti, ule uchaguzi wa kila mwaka ambapo timu huchukua wachezaji wapya kwa zamu. Mechi tatu za Agosti, kwotabeki hakuangushwa hata mara moja kupitia upande wake. Nikaapa kwamba huyu atabaki. Siku ya mchujo ikafika, ile ambayo kila timu inapunguza wachezaji kutoka 90 hadi 53, na jina lake likasomwa kati ya walioachwa. Hakuna timu nyingine iliyomchukua. Kwenye kundi letu mtu ninayemheshimu sana akaandika kwamba Waswahili turudi kwenye soka letu, huku hatukuwezi. Baadaye aliufuta ujumbe ule, lakini nilikuwa nimeshausoma, na hadi leo naukumbuka neno kwa neno.

Nikalipia zile picha za makocha zinazoonyesha wachezaji wote 22 uwanjani, nikachagua kamera ya nyuma ya safu, nikarudia mikupuo yake yote ya pasi (kila mpira ukianzishwa upya, huo ni mkupuo mmoja). Ilikuwa 41. Katika 26 kati ya hiyo, hakuwa peke yake. Senta alikuwa hana mtu wa kumzuia, akageuka kulia na kuweka kiganja chake kwenye bega la adui wa gadi wangu. Kiganja kimoja tu, nusu sekunde, lakini kilitosha kumvunja adui kasi. Kwenye runinga hukioni, maana macho yote yanafuata mpira. Iliyobaki, mingi ilikuwa pasi za haraka, mpira umeshatoka mkononi kabla adui hajanyoosha mikono. Na karibu yote ilichezwa robo ya tatu na ya nne, dhidi ya watu ambao nao waliachwa siku ileile.

Nilimsifu mtu kwa kazi ya jirani yake. Niliumia, lakini tangu siku hiyo swali langu la kwanza ni moja: nani alimsaidia? La pili: alikuwa anamzuia nani, na saa ngapi ya mchezo? Mikupuo kumi ya robo ya kwanza mbele ya beki wa kikosi cha kwanza inanieleza mengi kuliko arobaini ya mwisho wa mechi.

Ukishampata yuko peke yake, angalia miguu. Nimekulia Dar es Salaam, nimesukuma mkokoteni Kariakoo nikiwa kijana, na mwili wangu unalijua jambo hili kabla ya kichwa. Mzigo ukikurudia, ukiinuka wima umekwisha. Unashusha kiuno, unakunja magoti, unatanua miguu, mgongo unabaki umenyooka. Mzuiaji mzuri akisukumwa kifuani hurudi hatua moja, mbili, kisha anatia nanga. Mbaya anainama kiunoni, kichwa kinatangulia, miguu inakaribiana, na adui anamvuta kama kitambaa. Hata akiponea mkupuo huo, mimi namwandikia alama ya chini. Kisha mikono: ikiingia ndani, kwenye kifua cha mpinzani, yeye ndiye bwana. Ikipita nje mabegani, ama anazidiwa, ama mwamuzi anarusha kitambaa cha njano na timu inarudi yadi 10. Lakini nasisitiza, miguu kwanza.

Ujue pia kwamba Agosti makocha hawafungui daftari lao. Walinzi wa timu pinzani hukaa kawaida, mashambulizi ya kushtukiza ni machache, na ule ujanja wa maadui wawili kupishana njia ni wa nadra. Kwa hiyo ukiuona umetokea, simamisha picha. Gadi aling'ang'ania mtu wake, au alimkabidhi kwa mwenzake wa pembeni na kuinua macho kumpokea anayekuja? Hapo ndipo akili yake inapoonekana, na msimu ukianza atajaribiwa hivyo kila wiki.

Namba zipo, usidanganywe kwamba hazipo. Pro Football Focus, kampuni ya kuchambua mchezo huu, humpa kila mchezaji alama kati ya -2 na +2 kwa kila mkupuo. Kituo cha michezo cha ESPN huhesabu mara ambazo mzuiaji amedumu sekunde 2.5 bila kupitwa. Mimi husoma zote mbili, ila baada ya kuandika zangu. Mtu wa nje hajui kila mara nani alipewa kazi ya kumzuia nani.

Na muwe na subira, ndugu zangu. Jordan Mailata alikuwa mchezaji wa raga kutoka Australia, hajawahi kucheza mchezo huu, Philadelphia Eagles walipomchukua 2018 raundi ya 7, namba 233. Misimu miwili ya kwanza hakucheza hata mechi moja ya ligi. Februari 2025 alikuwa mzuiaji wao wa pembeni kushoto waliposhinda Super Bowl, fainali ya ligi, 40 kwa 22 dhidi ya Kansas City. Tunawahukumu vijana kwa usiku mmoja wa Agosti, nasi wenyewe tulichukua miaka kujifunza kazi zetu. Tuache hiyo tabia. Keti, rudia picha, rudia tena.

Agosti ya mwaka jana niliandika majina matano kabla ya mchujo. Wanne walibaki. Yule bwana wa "rudini kwenye soka" aliniomba orodha ya mwaka huu, nikampa.

Wewe, mdogo wangu, anza na mtu mmoja. Chagua gadi wa kushoto wa timu yako, robo ya kwanza tu, mpira usiufuate kabisa. Kila mkupuo andika alikuwa peke yake au alisaidiwa, na miguu ilikuwaje. Nitumie Jumapili, siku hiyo siendi ghalani, tutaipitia pamoja kwa simu.