Tungamo la protoni limekokotolewa. Mbona protoni mbili bado zinasumbua?

SWALI: Nafundisha fizikia sekondari. Nimesoma kwamba mwaka 2008 kompyuta zilikokotoa tungamo la protoni kwa kuanzia kwenye kwaki na gluoni, yaani chembe zinazoijenga na zile zinazozigandisha. Kama protoni moja iliwezekana, kwa nini kukokotoa nguvu kati ya mbili bado ni kazi? Si ni hesabu ile ile mara mbili?

JIBU: Mwalimu, ulichosoma ni kweli. Hesabu ile ilipata kama MeV 936 (MeV ni kipimo cha nishati, nasi tunapimia tungamo pia), na kipimo cha maabara ni 939. Lakini protoni mbili si mara mbili ya kazi ile.

Tunagawa nafasi na wakati kuwa wavu wa nukta, tunazalisha barioni (chembe ya kwaki tatu, kama protoni) mahali fulani, kisha tunaipokea baadaye. Kasi ambayo ishara yake hufifia ndiyo inayotupa nishati, yaani tungamo lake. Kwa kuwa uga wa gluoni tunauchukua kwa sampuli za bahati nasibu, ishara huja na kelele, na kelele haififii haraka kama ishara. Kwa protoni moja, kila femtomita moja ya muda (muda nao tunaupima kwa urefu) ishara hupungua dhidi ya kelele kama mara 40. Kwa mbili ni 40 mara 40, yaani 1,600. Kufidia hasara hiyo kwa kuongeza sampuli kunadai sampuli zaidi ya milioni mbili kwa kila moja uliyokuwa nayo.

Hapo bado sijagusa lililo baya zaidi. Kwenye sanduku la femtomita 8 kila upande, protoni mbili zilizotulia na mbili zinazokwenda polepole zinapishana nishati kwa MeV 25 hivi tu. Ili kuzitenganisha kwa kusubiri, unahitaji muda wa femtomita kama 8, na ishara imeshazama zamani. Anayepima mapema huona nishati imetulia kwenye mstari ulionyooka (tunauita uwanda) na kudhani ndiyo nishati ya chini kabisa, kumbe ni mchanganyiko wa hali kadhaa. Kwa maoni yangu, uwanda bandia wa namna hii ndio ulioleta mabishano ya miaka mingi: kwa kwaki zilizofanywa nzito kuliko za kweli ili kurahisisha hesabu, makundi mengine yaliona nyutroni mbili zimeshikana, kundi la HAL QCD la Japani likasema hazijashikana. Mimi siamini tokeo la barioni mbili lililotegemea uwanda wa mapema peke yake.

Njia ya HAL QCD, iliyoanza na kazi ya Ishii, Aoki na Hatsuda mwaka 2007, huchota nguvu yenyewe kutoka kwenye wimbi la barioni mbili. Tangu 2012 haihitaji kutenganisha hali hizo zilizo karibu karibu, kwa sababu zote zinatii nguvu ile ile. Wengine huzalisha barioni hizo mbili kwa namna nyingi tofauti kwa pamoja, na kuchambua matriki nzima ya ishara zinazopatikana. Njia zote mbili nazithamini, mradi wavu uwe laini: mwaka 2021, kwa chembe ya kwaki sita iitwayo H, wavu wenye nukta zilizoachana ulikuza nishati ya kushikana mara kadhaa.

Ukitaka kuwaonyesha wanafunzi mahali hesabu inapong'ara, chukua barioni za Omega. Kwaki zake ni nzito kidogo, kelele ni ndogo, na maabara haiwezi kugonganisha Omega mbili kwa sababu hazidumu. Mwaka 2018, kwa kwaki zenye tungamo karibu na la kweli, HAL QCD walipata kwamba Omega mbili hushikana, kwa MeV chache tu.