Samadi au chumvichumvi kwenye michungwa? Naweka zote, ila si siku moja

Mkuu, umeuliza kwa nini michungwa yako imepauka wakati umeirundikia samadi ya kuku mpaka shinani, na kama uachane kabisa na mbolea za viwandani, yaani chumvichumvi. Nakujibu kwa yaliyonikuta, maana kosa hilo nimelifanya kabla yako.

Nilizoa samadi bandani, maranda ya mbao yakiwa bado meupe ndani yake, nikaichanganya na udongo chini ya miti. Wiki chache baadaye majani ya chini yakageuka njano. Nikadhani ugonjwa, nikapiga dawa. Kumbe miti ina njaa! Maranda yana kaboni nyingi na naitrojeni kiduchu, kwa hiyo vijidudu vinavyoyaozesha huchukua naitrojeni ya udongoni kwanza, na mti unasubiri mpaka vishibe.

Nikakimbilia urea, mbolea ya viwandani. Nikainyunyiza juu ya takataka zilezile, sikufukia, sikumwagilia, nikingoja mvua. Mvua haikuja. Urea ina asilimia 46 ya naitrojeni, lakini ukiiacha juu hivyo, sehemu kubwa inaweza kupaa kama amonia. Nilikuwa nalisha hewa.

Siku hizi samadi naiozesha kwanza. Naloanisha lundo, nafunika, nageuza kila baada ya wiki mbili tatu, na sitoi hata koleo moja mpaka liache kupata joto na linuke udongo. Mti mkubwa naupa madebe mawili mwanzoni mwa mvua, nikitawanya kuanzia katikati ya kivuli chake hadi nje kidogo ya ncha za matawi. Mizizi myembamba inayokula iko huko, tena karibu na juu, ndiyo maana jembe nalishika kwa adabu. Shinani siweki kitu. Unyevu ukikaa pale gome linaoza, na utaanza kuona gundi ikitoka.

Chumvichumvi inafuata wiki tatu au nne baadaye, udongo ukiwa na unyevu, tena kidogo kidogo: kabla ya maua, vitunda vikishashika, kisha vikianza kunenepa. Napendelea CAN, mbolea ya naitrojeni yenye kalsiamu, kwa sababu haipotei hewani kirahisi kama urea. Vitunda vikinenepa natumia NPK, yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu, maana mchungwa unahitaji potasiamu nyingi wakati huo, ikikosekana machungwa yanabaki madogo.

Kwa nini nisichague moja? Samadi kavu ya ng'ombe mara nyingi ina naitrojeni asilimia 1 au 2 hivi, na haitoki yote msimu huohuo. Mti ukichanua unataka chakula leo. Lakini chumvichumvi peke yake kwenye udongo wa kichanga inasombwa na mvua ikapita chini ya mizizi, samadi ndiyo inayoishikilia, pamoja na maji. Wanaosema chumvi inaua udongo wanatia chumvi kidogo kwenye maneno yao, ila wana hoja: mbolea zenye amonia zikiwekwa miaka mfululizo huongeza tindikali, na mchungwa unapenda pH, yaani kipimo cha tindikali, ya kati ya 6 na 7 hivi. Pima kabla ya kumwaga chokaa.

Usipitilize pia. Naitrojeni ikizidi utapata majani ya kupendeza, vidukari, na machungwa yenye ganda nene.

Halafu si kila njano ni naitrojeni. Njano ya kukosa naitrojeni huanzia majani ya zamani, jani zima. Jani la zamani likibaki na pembetatu ya kijani karibu na kikonyo, shuku magnesiamu. Majani machanga yakiwa madogo, membamba, na njano kati ya mishipa, hapo ni zinki, na dawa yake ni kupulizia majani.

Kwa hali yako, leo hii ondoa samadi yote iliyogusa shina, fukua taratibu uone kama gome ni zima. Ikiwa bado mbichi au inachoma mkono, itoe kabisa chini ya mti, irudi kwenye lundo. Mwagilia vya kutosha, kwa sababu samadi ya kuku ina chumvi nyingi na michungwa haiivumilii, kisha weka CAN kiasi kidogo pembezoni mwa kivuli. Na yale majivu uliyosema unataka kuyachanganya na urea, usithubutu. Yataongeza amonia inayopotea hewani. Yaweke mwezi mwingine, kama udongo wako una tindikali. Usipopima, yaache jikoni.