Ajira Mbili, Deni Moja la Ushuru

SWALI: Maalim, assalam aleikum. Mchana ninafanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja hapa Malindi, na jioni ninafundisha katika chuo cha kibinafsi. Mwaka uliopita hoteli ilinilipa Sh50,000 kwa mwezi na chuo Sh30,000, na pote pawili ushuru ulikatwa kabla sijapokea hata senti. Nilipoketi kujaza ritani, yaani taarifa ya mapato na ushuru wa mwaka, mtandao wa Mamlaka ya Ushuru ya Kenya (KRA) ulinionyesha kwamba ningali ninadaiwa karibu Sh90,000. Sasa ni masika, wageni hakuna, na sisi wa mapokezi tumepewa likizo isiyo na malipo. Mwenzangu ananishauri nisiiwasilishe ritani mpaka nipate fedha. Je, nani amekosea, na nifanye nini? – Mwenye Deni, Shela, Malindi

JAWABU: Waaleikum salaam, mwanangu. Nimeipiga hesabu yako mara mbili na jawabu ni lile lile ulilolionyeshwa. Hata hivyo, fahamu kwamba fedha hizo si faini: ni ushuru uliopaswa kukatwa mwezi baada ya mwezi na haukukatwa, kwa sababu kila mwajiri alikuhesabia kana kwamba mshahara wake ndio pekee unaoupata.

Kwa viwango vinavyotumika tangu Julai 2023, Sh24,000 za mwanzo za mshahara wa mwezi hutozwa asilimia 10, Sh8,333 zinazofuata asilimia 25, na zinazozidi hapo asilimia 30 mpaka zifike Sh500,000. Kisha mlipaji hupunguziwa Sh2,400 kwa mwezi, ambazo ndizo nafuu ya kibinafsi. Nafuu hiyo ni moja kwa mtu mmoja, ila wewe ulipewa mbili, na viwango vya chini navyo ukavifaidi mara mbili, ndiyo maana chuo kilikukata Sh1,500 tu. Mishahara yote inapojumlishwa mwisho wa mwaka, zile Sh30,000 za chuo zinakaa juu ya za hoteli na zote zinaangukia kwenye asilimia 30, yaani Sh9,000. Tofauti ni Sh7,500 kwa mwezi, na kwa miezi 12 ni Sh90,000, kabla ya kuhesabu michango ya NSSF, ile hazina ya malipo ya uzeeni, na makato mengine kama hayo.

Kabla hujakubali deni, zilinganishe fomu za P9 za waajiri wote wawili, zinazoonyesha mshahara na ushuru uliokatwa mwaka mzima, na hati zako za mshahara, kwani mwajiri aliyekata ushuru bila kuupeleka huacha pengo ambalo si lako. Tazama pia kama unalipia bima ya maisha au ya elimu, kwa kuwa asilimia 15 ya malipo hayo hupunguzwa kwenye ushuru, isizidi Sh5,000 kwa mwezi, mradi uwe na cheti cha kampuni ya bima.

Ama ushauri wa mwenzako, usiufuate. Salio la ushuru lilitakiwa lilipwe kufikia 30 Aprili, kwa hiyo adhabu ya asilimia 5 imekwisha kukupata, nayo ni Sh4,500, pamoja na riba ya asilimia 1 kwa mwezi, yaani Sh900. Usipowasilisha ritani kufikia 30 Juni utaongezewa adhabu nyingine kabisa, ya Sh2,000 au asilimia 5 ya ushuru, ile iliyo kubwa, na kwako hiyo ni Sh4,500 tena. Iwasilishe ritani hata kama mfukoni hamna kitu.

Kisha umwandikie Kamishna wa KRA kuomba kulipa kwa awamu, jambo linaloruhusiwa na sheria ya taratibu za ushuru ya mwaka 2015. Kama mtandao unakutatiza, nenda ofisi ya KRA iliyo hapo hapo Malindi. Eleza hali ya hoteli bila kuficha, na upendekeze kiasi kidogo wakati huu wa masika, kiongezeke wageni wanaporudi Julai na Agosti, na tena Desemba. Usiahidi usichokiweza, maana ukikosa awamu moja salio lote hudaiwa papo hapo, na Kamishna ana uwezo wa kuiagiza benki yako itoe fedha kwenye akaunti. Riba itaendelea kuhesabiwa, lakini haizai riba juu ya riba. Kwa sababu hiyo, sioni busara ya kukimbilia mikopo ya simu, ambayo mingi hutoza kwa mwezi mmoja zaidi ya inavyotoza KRA kwa miezi kadhaa.

Deni la mwaka huu nalo limeanza kujijenga wakati tunaandikiana. Kiandikie chuo leo kikuorodheshe kuwa mfanyakazi wa ajira ya pili, asiyestahili nafuu ya kibinafsi kwao. Watakukata Sh3,900 badala ya Sh1,500, jambo ambalo halitakufurahisha, na bado patabaki upungufu wa Sh5,100 kwa kila mwezi unaolipwa pote pawili. Kiweke kando kiasi hicho kila mshahara wa chuo unapoingia. Miezi ya likizo isiyo na malipo itaupunguza upungufu huo, lakini kwa kuwa hujui hoteli itakuita lini, ningeendelea kukiweka vivyo hivyo.