Pua si ya masufuria peke yake

SWALI: Nimesoma kwamba injini ya gari la Rolls-Royce Silver Ghost ya mwaka 1907 ilikuwa na krenkishafti (mhimili unaozungushwa na pistoni) ya "chuma cha pua" na kasha la chini la "chuma cha aluminiamu". Je, hiki ni Kiswahili sahihi?

JIBU: "Chuma cha aluminiamu" ni kama kusema mbuzi wa kuku. Chuma ni metali, aluminiamu ni metali nyingine. Andika "kasha la aluminiamu", yaishe.

"Chuma cha pua" ni sahihi kabisa, na ndiyo maana nina hasira. Siku hizi kila lebo ya sufuria na sinki imelinyakua jina hilo kwa maana ya chuma kisichoshika kutu, hata msomaji akilikuta kwenye injini anadhani krenkishafti ilimeremeta kama kijiko. Pua (si ile ya usoni) ni chuma chenye kaboni kidogo, kinachofulika na kukazika kwa moto. Wazee walilitia shoka pua ili lishike makali. Kutu haikutajwa popote.

Hebu tuitazame krenkishafti hiyo. Ilikaa juu ya beringi kuu 7, ikisukumwa na pistoni 6, kila mzunguko ikipindwa na kurudi. Chuma cha kumimina kwenye kalibu kinafaa silinda, maana grafiti (kaboni laini) iliyomo hupunguza msuguano, lakini kikipindwapindwa hukatika ghafla. Kwa hiyo krenkishafti za magari ya kifahari zilifuliwa kwa pua, mara nyingi iliyochanganywa nikeli kidogo ili isichoke na kupasuka kwenye kona za shingo zake, yaani sehemu zinazozunguka ndani ya beringi. Inaogelea kwenye oili; kutu ingeipatia wapi? Tena Harry Brearley, mtaalamu wa metali wa Sheffield, Uingereza, alitengeneza pua yake isiyoshika kutu, yenye kromiamu kama asilimia 13, mwaka 1913. Silver Ghost ilikuwa barabarani miaka 6 kabla. (Pua ya Brearley iliingia injini baadaye, kwenye vali za moshi za ndege, kwa sababu ilistahimili joto.)

Basi ile ya sinki iitwe "pua isiyoshika kutu". Ndefu? Ndiyo. Muuzaji anayesema "stenlesi" namvumilia, kwani hajaiba jina la mtu. Wewe andika: "krenkishafti ya pua, silinda za chuma cha kumimina, kasha la aluminiamu."